Mtoto wa Ngomeni Juu ya Mnara wa Nizwa

Kwetu Mombasa ngome ni kitu cha kupita, si kitu cha kuingia. Nimezaliwa Mji wa Kale. Chuo nilichosomea Kurani kilikuwa hatua chache kutoka ukuta wa Fort Jesus, ambayo wenyewe twaiita Ngomeni, na utotoni nilizizunguka kona za ukuta ule kutwa mara tatu: nimetumwa ndimu, nimetumwa mkate, au nakimbilia mihogo ya kukaanga kabla haijaisha. Ndani niliingia mara moja tu, darasa la sita, na safari ya shule. Nakumbuka mizinga, na nakumbuka mwalimu akituhimiza tufanye haraka kwa kuwa basi lilikuwa likisubiri. Kisha nilikua, nikaolewa, nikazaa, na nikaendelea kupita.

Ilinibidi nivuke bahari ndipo nipande ngome kwa hiari yangu.

Nilikwenda Oman kwa harusi. Binamu yangu aliolewa na kijana wa Maskati, na baada ya siku tatu za hina, nyimbo na biriani, wenyeji wetu walituuliza wageni tungependa kutembezwa wapi. Wengi walitaja maduka. Mimi nilitaja Nizwa. Nilikuwa nimesoma kwamba Imamu aliyejenga mnara wa ngome ya Nizwa, Sultan bin Saif al-Yaarubi, ndiye baba wa Saif bin Sultan, yule ambaye jeshi lake liliichukua Ngomeni mwaka 1698. Nilitaka kuona watu wale walitoka nyumba ya namna gani.

Bibi yake bwana harusi aliposikia neno Nizwa alisema na yeye anakwenda. Wanawe walimkataza kwa sababu ya magoti yake. Hakuwajibu. Asubuhi ya safari tulimkuta ameshakaa kiti cha mbele, buibui limenyooka, kikapu mapajani. Bi Mkubwa, ndivyo sote tulivyomwita, alizaliwa Unguja mtaa wa Malindi. Mapinduzi ya 1964 yalimkuta na miaka 13. Wazazi wake walimkimbizia Mombasa, wakakaa Kibokoni miaka saba, na Sultan Qaboos aliposhika nchi mwaka 1970 na kuwaita Waomani waliokuwa nje warudi, nao wakarudi. Nasema wakarudi, lakini yeye alikuwa hajawahi kuiona Oman hata siku moja. Aliyetoka huko ni babu yake, kijana wa kitongoji cha Nizwa, aliyepanda jahazi la kaskazi mwaka ambao mfereji wa kwao ulikauka.

“Kule walitwambia rudini kwenu Uarabuni,” alisema, huku akifunua kikapu. “Tulipofika huku wakatuita Wazinjibari. Haya, chukua andazi.”

Nilichukua, nikamwambia mahamri yake yana iliki nzuri.

“Haya maandazi, mwanangu. Mahamri ni yenu nyie watu wa Mvita.”

Mjukuu aliyekuwa akiendesha gari, kijana wa miaka 19, alicheka. Alikuwa amefahamu kila neno. Lakini alipotaka kuchangia alisema kwa Kiarabu, na bibi yake akamjibu kwa Kiswahili, na hivyo ndivyo walivyozungumza njia nzima, kila mmoja na lugha yake, bila hata mmoja kuonekana kuona ajabu. “Anafahamu, ila hasemi,” Bi Mkubwa aliniambia. Nimesikia maneno hayo hayo nyumba nyingi za Maskati. Kizazi kimoja zaidi, na nadhani hata kufahamu kutakwisha.

Mtu wa pwani hana la kulinganisha na milima ya Hajar. Sisi tumezoea mlima uwe na mti, au basi nyasi. Ile ni mawe matupu ya rangi ya ukoko wa mkate, yamechongoka, hayana hata kichaka cha kumpa mbuzi kivuli. Gari lakwenda saa nzima ndani ya ukame ule, halafu ghafla chini ya jabali unaona kijani kizito, mitende imesongamana kama watu wa msikitini siku ya Ijumaa. Palipo na mitende pana maji, na palipo na maji pana ngome juu yake. Utaratibu huo niliuona mara nne kabla hatujafika, na kufikia mara ya tatu nilikwishaelewa ngome za bara ya Oman zinalinda nini. Ngomeni kwetu iliwekwa pale kuchunga mlango wa bandari. Hizi zinachunga maji ya kunywa.

Mnara wenyewe nilitarajia uwe mrefu. Nilichokiona ni kitu kinene. Ni ngoma ya mawe iliyosimamishwa katikati ya mji: kwenda juu mita 30, upana wake mita 36, rangi ya udongo wa pale pale, hivi kwamba waonekana umeota na si kujengwa. Inasemwa ulichukua miaka 12. Imamu Sultan bin Saif alikuwa amewatoa Wareno Maskati mwaka 1650, na katika vita vile aliona kwa macho yake mzinga unavyoufanya ukuta. Basi alipojenga wake, nusu ya chini ya mnara aliijaza kifusi cha mawe na udongo hadi ikawa gogo zima. Huwezi kubomoa kitu ambacho ndani yake hakina uwazi. Na juu ya gogo lile akapata uwanja imara wa kuweka mizinga yake mwenyewe, wenye matundu 24 kuzunguka pande zote.

Bi Mkubwa alitazama ngazi za kuingilia, akatafuta benchi kivulini karibu na akina mama waliokuwa wakipika mikate. “Mimi zile sizimudu tena. Wewe panda, ukirudi utanihadithia.”

Mlangoni kijana wa kazi, kanzu nyeupe na kofia iliyodariziwa, aliniona nikipapasa ukuta. Kiarabu changu ni cha chuoni, lakini swali langu alilielewa: ukuta huu umeshikwa na nini? Akanijibu neno moja. Saruj. Nilidhani nimesikia vibaya, nikamwomba arudie. Saruj, alisema tena, na akanieleza kwa maneno na kwa mikono: udongo hufinyangwa vipande kama mikate, ukaushwe, uchomwe kwa magogo ya mitende, kisha utwangwe na kuchanganywa na chokaa. Maisha yangu yote nimesema saruji nikimaanisha ule unga wa kijivu wa mifuko ya karatasi. Kumbe neno lilikuja na majahazi kabla ya mifuko hiyo, na kitu chenyewe kilikuwa pale chini ya kiganja changu, chekundu kidogo, kigumu, na bado chaacha vumbi vidoleni. Ngomeni kwetu ilijengwa kwa matumbawe na chokaa. Nizwa hakuna bahari, hakuna matumbawe, basi wakachoma udongo. Neno moja, na kila mtu ameutumia mchanga wake.

Kupanda mnara kuna njia moja tu. Ngazi ni nyembamba, watu wawili hawapishani, na vidato ni virefu hadi nililazimika kukusanya buibui kwa mkono mmoja na kushika ukuta kwa mwingine. Huendi hatua nyingi kabla njia haijakata kona. Kwenye kona pana mlango wa mbao nene zenye misumari. Unapita, giza linaongezeka, njia inakata kona tena, na hapo pana mlango mwingine. Kwa hiyo adui hawezi kamwe kupata mbio, wala hawezi kuona nini kinamngojea mbele.

Kwenye mlango mmojawapo nilisimama na kuinua uso. Juu ya kizingiti, hasa pale ambapo mtu anayesukuma mlango angeweka kichwa chake, kuna tundu. Si kubwa. Ngumi yangu ingepita na kubakiza nafasi kidogo. Ukichungulia unaona bomba la giza likipanda ndani ya ukuta hadi chumba cha juu. Kupitia hapo walinzi walimwaga asali ya tende iliyochemka. Maji ya moto humwagika na kuanguka. Asali hushika ngozi na haitoki. Nilitoa mkono wangu kizingitini. Hatua chache mbele, vidato vimekatika na chini kuna shimo, leo limefunikwa watu wasiumie. Zamani lilifunikwa kwa mbao ambazo walinzi waliziondoa wakirudi nyuma, hivyo aliyenusurika na asali na kukimbia gizani alijikuta hana pa kukanyaga.

Nyuma yangu familia ya watalii ilikuwa ikicheka na kupiga picha. Mimi nilikuwa nawaza jambo jingine: Mreno hakuwahi kufika Nizwa. Alishika miji ya pwani, Maskati, Suhar, na alipotolewa aliondoka kwa bahari ile ile aliyokuja nayo. Sasa milango hii yote, mashimo haya, asali hii, alikuwa akingojewa nani? Jibu ni chungu. Waomani walikuwa wakingojeana wao kwa wao. Na walikuja kweli: kabla hata miaka 100 haijatimia tangu mnara ujengwe, ukoo wa Yaarubi uligombania uimamu hadi nchi ikapasuka mapande mawili, mmoja wao akawaita Waajemi wamsaidie, na ufalme ukatoka mikononi mwao ukaingia kwa ukoo wa Busaidi. Wakati wa fitina hiyo ndipo Wareno walipopata nafasi ya kuirudia Ngomeni mwaka 1728, wakakaa kidogo wakatolewa tena, na ndipo akina Mazrui waliowekwa Mombasa kama maliwali walipoanza kujitawala. Shuleni tulifundishwa hayo kama habari za Mombasa. Hakuna aliyetwambia kwamba sababu yake ilikuwa kwenye ngazi kama hizi, mbali kabisa na bahari.

Ukitoka kwenye mlango wa mwisho unarushwa katika mwanga. Juu ni uwanja wa mviringo, mpana, uliozungukwa na ukuta mrefu kuliko mtu, hivi kwamba ukisimama katikati huoni ila mbingu na mizinga. Lazima upande tena ngazi za pembeni ndipo uchungulie nje. Nilipanda. Chini yangu palikuwa na soko, kuba la msikiti, paa za udongo, halafu mitende, mitende, mitende hadi mguuni pa mlima, na baada ya hapo hakuna kitu kibichi tena. Mstari kati ya uhai na ukame ungeweza kuuchora kwa kidole.

Pale juu ndipo Mombasa iliponijia kwa nguvu. Kuzingirwa kwa Ngomeni kulianza Machi 1696 na kwisha Desemba 1698. Watu wa Mombasa ndio waliokuwa wameomba msaada Oman, kwa kuwa Mreno alikuwa amewachosha. Lakini waliokuwa ndani ya ngome hawakuwa Wareno peke yao: mwanzoni walikuwa Wareno wapatao 50 na Waswahili wapatao 1,500, na maradhi yalipowamaliza maafisa wa Kireno, aliyeshika ulinzi kwa muda alikuwa Bwana Daud wa Faza. Waswahili nje, Waswahili ndani. Vitabu vya mwongozo hutaja mataifa mawili yaliyogombania ngome. Wenyeji waliokufa pande zote mbili za ukuta hutajwa kwa sentensi moja, na mara nyingine hata hiyo haipo.

Na kuna jambo ambalo kwetu watu hupenda kulipitia pembeni. Saif bin Sultan anasifiwa Oman kwa mifereji 17 aliyoifufua na mitende aliyoipanda kwa maelfu. Masimulizi hayo hayo husema alikuwa na watumwa 1,700. Wengi wa watu wa namna hiyo walitoka pwani yetu na bara yake. Sikuweza kuutazama ubichi ule bila kufikiri nani aliuchimbia maji. Sisemi hivi kuwakosea adabu wenyeji wangu, ambao walinilisha na kunilaza kama mtoto wao. Nasema kwa sababu wao na mimi tumetokana na bahari ile ile, na katika damu za wengi wetu yumo aliyeuza na yumo aliyeuzwa.

Kushuka ni rahisi zaidi. Chini, upande wa makazi ya ngome, kuna vyumba vingi: cha kadhi, cha wanafunzi, jiko, jela. Nilivipita upesi. Nilichokaa nacho ni ghala la tende. Ni chumba kidogo, na sakafu yake imefanywa matuta membamba sambamba, kama shamba la viazi lililogeuzwa jiwe. Magunia ya tende yalipangwa juu ya matuta hadi karibu na dari, na uzito wa magunia ya juu uliyakamua ya chini. Asali ikachuruzika polepole kwenye mifereji kati ya matuta, ikafuata mteremko, ikaingia mtungini. Hakuna mashine wala moto, ni uzito na subira tu. Asali hiyo ilikuwa chakula cha siku za kuzingirwa, ilikuwa dawa, ilikuwa ya kumkirimu mgeni. Na ndiyo iliyochemshwa na kumwagwa kwenye matundu. Mtungi mmoja.

Bi Mkubwa nilimkuta amekwishafanya urafiki. Mwanamke mmoja alikuwa amekaa mbele ya bamba la chuma la moto, anachota donge la unga kwa kiganja, analipaka kwenye bamba kwa duara moja, na kabla hujamaliza kupumua unga umekuwa mkate mwembamba kama manda za sambusa, unajikunja kingo zenyewe. Bi Mkubwa alikuwa na wake mkononi, umepakwa asali, na mwingine ameniwekea. Tulikula pale pale uani na watu tusiowajua. Mmoja alitoa tende, mwingine kahawa kwenye dele, mfanyakazi mmoja wa Kibengali akapewa nafasi. Ibn Battuta, aliyelala Mombasa usiku mmoja na kufika Kilwa mwaka 1331, aliandika pia kuhusu Nizwa, na lililomkaa ni kwamba watu wa mji huu walikuwa wakila nyuani mwa misikiti, kila mtu akileta alichonacho na wapita njia wakikaribishwa. Siku ile sikuona ajabu kwamba aliona haja ya kuliandika.

“Haya, nihadithie,” Bi Mkubwa alisema.

Nikamhadithia milango, tundu, shimo, mizinga, mitende. Alisikiliza akiitikia. Nilipomaliza aliuliza, “Na yenu ya Mombasa, ndani ikoje? Mimi miaka saba Kibokoni sikuingia. Mama alinikataza, akisema lile gereza.” Hakukosea mama yake. Waingereza waliigeuza Ngomeni jela tangu 1895 hadi 1958, na mtu mzima wa Mombasa wa miaka ile alipoitaja ngome alimaanisha pingu.

Nilifungua mdomo nimjibu, nikaona sina la kusema. Ningeweza kumwambia ngome ile kutoka nje ina rangi gani jua likizama, kona ipi ina upepo, wapi huuzwa mihogo. Ndani nilikuwa na mizinga na sauti ya mwalimu anayeharakisha. Mnara wa Nizwa niliujua kwa saa mbili kuliko nilivyoijua Ngomeni kwa umri wangu wote.

“Nitakwenda nikutazamie, Bi Mkubwa,” nilisema.

“Usisahau,” alisema, akajifuta asali vidoleni.

Tulilala Nizwa kwa sababu ya mnada wa mbuzi wa Ijumaa. Kwetu, mbuzi wa Idi hufika kwa lori, na bei hupangwa pembeni kwa kunong'onezana, mnunuzi na dalali wakiwa wameshikana mikono. Nizwa kila kitu ni hadharani. Chini ya ngome kuna duara. Wanunuzi hukaa katikati na kuzunguka nje, na wenye mifugo hupita kati yao mbio mbio, kamba mkononi, wakiita bei kwa sauti. Ukipenda mnyama unaingiza mkono, unamsimamisha, unamfungua meno, unambonyeza kiunoni, na kama hukuridhika unamwachia anaendelea na mzunguko wake. Wanawake wa Kibedui wenye barakoa walikuwa wakiuza wao wenyewe, na sikuona mwanamume aliyewapunja. Miongoni mwa wauzaji niliona nyuso ambazo ningezipita soko la Kongowea bila kugeuka. Mmoja, mzee mwenye ndevu nyeupe, nilimsalimu kwa Kiswahili. Alinitazama kwa upole, akanijibu kwa Kiarabu kwamba hajui lugha hiyo. Akaendelea kumvuta mbuzi wake.

Kabla ya sala Bi Mkubwa alitupeleka kwenye shamba la ndugu zake waliobaki. Ni vipande vya mitende vilivyotengwa kwa kuta za udongo, na katikati unapita mfereji usiozidi upana wa mikono miwili, maji yake maangavu na baridi. Ndiyo falaji. Oman ina zaidi ya 3,000 zinazofanya kazi hadi leo, na ya Daris, hapo Nizwa, ni mojawapo ya tano zilizoingizwa mwaka 2006 katika orodha ya urithi wa dunia wa UNESCO. Maji hayauzwi kwa ndoo. Yanagawiwa kwa muda: kipimo chake huitwa athar, nusu saa, na zamani mchana walipima kwa kivuli cha mti uliosimikwa, usiku kwa nyota. Mwenye zamu hufungua kijilango cha jiwe na tambara, maji yakaingia kwake. Zamu ikiisha hufunga, yakaenda kwa jirani. Binamu yake Bi Mkubwa alituonyesha, akafungua kwa mguu tu, bila kuinama, kama mtu anayefungua mlango wa chumba chake.

“Babu yangu alikuwa na athar mbili hapa,” Bi Mkubwa alisema. “Ikakauka, akatoka.” Akakaa ukingoni, akavua viatu, akatia miguu yake majini. Alikaa hivyo muda mrefu. Mjukuu wake alikaa kando yake, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nilimsikia akisema neno la Kiswahili. Alisema, “Baridi, bibi?”

Niliporudi Mombasa nilikaa wiki mbili, kisha Jumamosi moja nikawachukua wanangu wawili tukaingia Ngomeni. Tiketi ya mwananchi ni nafuu kuliko ya mgeni, jambo ambalo sikulijua. Tuliona ukumbi wa akina Mazrui na maandishi yaliyochongwa mbaoni. Tuliona merikebu walizozichora askari wa Kireno ukutani, na vyombo vilivyopandishwa kutoka San Antonio de Tanna, meli iliyokuja kuwaokoa waliozingirwa ikazama hapo hapo chini ya ngome mwaka 1697. Mwanangu mdogo alipanda kila mzinga. Kutoka juu ya ukuta wa baharini tuliona paa la nyumba yetu, na sikuwahi kufikiri kwamba kutoka Ngomeni nyumba yetu yaonekana.

Usiku nilimrekodia Bi Mkubwa ujumbe wa sauti wa dakika 14. Alijibu asubuhi: “Ahsante mwanangu, nimeona kama nimeingia. Lakini hujanambia kisima kiko wapi. Ngome lazima iwe na kisima.”

Kipo. Nilirudi Jumamosi iliyofuata nikakitafuta. Nawe uliye Mombasa, uliyezaliwa Kibokoni au Kuze au Makadara, na umeupita ukuta ule maisha yako yote, wachukue watoto wako uende. Mlango hufunguliwa kila siku saa mbili asubuhi.